Joto Lapotelea Wapi?



Juma hili twapenda kuanza na barua. Imetoka kwa mwanafunzi wa sekondari wa Mweso, katika vilima vya Masisi, na kisa chake ni hiki. Mwalimu wake wa fizikia alifundisha ya kuwa maji huchemka kwenye digrii 100. Kijana akaazima kipimajoto cha shule, akarudi nyumbani, akakitia katika chungu cha mama yake wakati maji yalipokuwa yakitokota. Kipimajoto kikapanda, kisha kikasimama kabla ya kufika 100. Kijana akachochea moto. Maji yakaruka hata kumwagika juu ya kuni, lakini kipimajoto hakikusogea. Mama yake, ambaye alikuwa akingojea maharagwe tangu asubuhi, akamwambia: "Mwanangu, kama chombo chako hakijui kuivisha maharagwe, kirudishe shuleni, kisha uniletee kuni."

Sasa kijana atuuliza maswali mawili. Je, kipimajoto kimeharibika? Tena, kwa nini maharagwe ya kwao yachukua saa nyingi namna hii, hata mama akiongeza kuni?

Twamshukuru kwa barua yake. Maswali hayo mawili yana jibu moja, nalo limo katika elimu iitwayo themodinamiki, yaani elimu ya joto na kazi zake. Jina lake ni refu, lakini mafundisho yake twaweza kuyasoma jikoni. Wala tusidhani ya kuwa ni mambo ya darasani tu. Mama wa Mweso ajua umbali wa kwenda kutafuta kuni, ajua uzito wa mzigo mgongoni, na katika miaka hii ya vita ajua pia hofu ya njiani. Mzigo mmoja wa kuni ukipungua, safari moja imepungua. Kwa hiyo yafaa tujifunze vizuri.

JOTO NA UKALI WA JOTO

Kwanza tutenge maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Ukali wa joto ndio unaopimwa kwa kipimajoto, na twautaja kwa digrii. Joto lenyewe ni nguvu inayotoka katika kitu kimoja na kuingia katika kingine, nayo twaihesabu kwa kiasi. Cheche ya mhunzi ina ukali upitao digrii 800, walakini ikimwangukia mkononi haimwumizi sana, maana ni ndogo mno na imechukua joto dogo. Maji ya chai yana ukali usiofika 100, lakini kikombe kikimmwagikia mtoto chamchoma vibaya, maana kimechukua joto jingi.

Zamani wataalamu walidhani ya kuwa joto ni kitu chepesi kama maji yasiyoonekana, kikaacho ndani ya vitu na kutoka humo. Mmoja wa wale waliosaidia kuivunja dhana hiyo alikuwa mganga kijana wa Ujerumani, jina lake Julius Robert Mayer. Mwaka 1840 alisafiri katika meli kwenda Java, nchi ya joto kali. Alipowatoa mabaharia damu, kama ilivyokuwa desturi ya waganga wa siku zile, aliona damu ya mishipa irudiyo moyoni ni nyekundu kuliko alivyozoea kuiona kwao Ulaya. Akafikiri hivi: mwili huchoma chakula ili ujipatie joto, katika nchi ya joto mwili hauna haja ya kuchoma kingi, basi damu yarudi na hewa safi nyingi bado. Kwa njia hiyo akafikia wazo ya kuwa chakula, joto na kazi ya mikono ni nguvu ileile inayogeuka sura. Akaliandika wazo lake mwaka 1842.

Katika miaka ileile ya 1840, Mwingereza James Prescott Joule alipima jambo hilo kwa uangalifu mkubwa. Alifunga jiwe la mizani kwenye kamba, likashuka, na kwa kushuka likazungusha makafi madogo ndani ya chombo cha maji. Maji yakapata joto kidogo kwa kukorogwa tu, pasipo moto wowote. Hesabu ya leo yatuambia ya kuwa kilo moja ishukayo mita 427 yatosha kuipasha kilo moja ya maji digrii moja tu. Hivyo ndivyo mikono yetu ipatavyo joto tukiisugua asubuhi penye baridi. Kwa heshima ya Joule kipimo cha nguvu chaitwa juli, na juli 1,000 ni kilojuli moja.

Hapo ndipo ilipotoka sheria ya kwanza ya elimu hii: nguvu haiumbwi na mashine wala haipotei; yageuka sura tu au yahama mahali. Kwa hiyo mama asemapo, "Moto wangu umepotea bure," sheria yamjibu: haukupotea, umekwenda mahali. Kazi yetu ni kuuliza umekwenda wapi.

JOTO LINA NJIA MOJA YA KUELEKEA

Sheria ya pili yatuonyesha upande ambao joto laelekea. Kila mtu aijua, ingawa hakuisoma. Chungu cha moto kikiwekwa katika nyumba ya baridi, chungu chapoa na nyumba yapata joto kidogo. Hakuna aliyepata kuona chungu kilichopoa kikilinyang'anya joto lile hewa ya baridi, kikachemka tena chenyewe. Joto likiachwa peke yake latoka penye ukali mwingi kwenda penye ukali mdogo, lenyewe halirudi. Mfaransa Sadi Carnot alianza kuichimba sheria hiyo mwaka 1824 alipochunguza mashine za mvuke, naye Mjerumani Rudolf Clausius akaieleza waziwazi mwaka 1850.

Pengine mtu atauliza: mbona friji ya zahanati, ile itunzayo chanjo, yatoa joto ndani ya sanduku la baridi na kulitupa nje kwenye joto? Ni kweli, lakini haifanyi hivyo yenyewe. Yalipiwa kwa umeme au kwa mafuta. Kulipandisha joto kinyume cha mwendo wake ni kama kuyapandisha maji mlimani: yawezekana, lakini lazima mtu ayabebe.

Sheria hii yafundisha pia ya kuwa kila tugeuzapo nguvu kutoka sura moja hadi nyingine, sehemu yake hututoka ikatawanyika. Tazameni makala ya kupikia. Katika tanuru ya udongo, mchoma makala huhitaji kilo sita au saba za kuni, na mara nyingi zaidi, ili apate kilo moja ya makala. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli 16,000 hivi. Kilo moja ya makala ina 30,000 hivi. Fanyeni hesabu: kilo saba za kuni zina kilojuli 112,000, na kilichobaki ndani ya gunia ni 30,000, karibu robo tu. Robo tatu imekwisha kwenda hewani kabla chungu hakijainjikwa. Makala ni mepesi kuchukua, hayana moshi mwingi, na ndiyo maana mji wa Goma wayapenda. Lakini miti inayolipa gharama hiyo ni ya vilima vyetu, na mingine ni ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925.

NJIA TATU ZA SAFARI

Sasa turudi kwenye mafiga matatu ya mama wa Mweso, tulifuate joto lake. Lina njia tatu za kusafiri.

Njia ya kwanza ni mpitisho. Vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo sana, na chembe zilizo na joto hutikisika kwa nguvu. Chembe moja humtikisa jirani yake, naye humtikisa jirani yake, kama watu waliopanga mstari wakipokezana matofali: watu hawaondoki, matofali yafika. Ndivyo joto lipitavyo katika sufuria na katika kijiko cha chuma mpaka kidole kiungue. Chuma hupokezana upesi. Mti, jiwe na udongo hupokezana polepole. Hewa iliyotulia hupokezana polepole kuliko vyote hivyo. Watu wa Goma walikiona kielelezo kikubwa cha jambo hili. Mlima Nyiragongo ulipopasuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji. Baada ya siku chache watu walitembea juu yake, kwa maana ngozi ya juu ilikwisha kuwa jiwe gumu. Lakini kwa majuma mengi ndani yake palikuwa pangali pa moto. Jiwe la juu lilikuwa limefunika joto la chini kama blanketi.

Njia ya pili ni msafara. Hapa chembe zenyewe huondoka na joto lao. Maji ya chini ya chungu yakipata joto huwa mepesi, hupanda. Ya juu yaliyo baridi hushuka kushika nafasi yao. Tieni punje chache za maharagwe katika maji yaanzayo kupata moto, nanyi mtaona vumbi lake likizunguka. Hewa ya moto nayo hufanya vivyo hivyo: hupanda, hupita kando ya chungu, na kwenda zake darini.

Njia ya tatu ni mnururisho. Joto hurushwa kama nuru, wala halihitaji kitu cha kulibeba. Ndivyo joto la jua litufikiavyo kupitia kilomita milioni 150 za utupu. Mtu aotaye moto usiku hupata joto usoni na baridi mgongoni, ingawa hewa inayomzunguka ni ileile: uso unatazamana na makaa, mgongo hautazamani nayo.

Basi, joto la mafiga matatu lakwenda wapi? Sehemu yapita katika mawe na ardhi kwa mpitisho. Sehemu yapeperuka kando ya chungu kwa msafara, hasa upepo ukivuma. Sehemu yarushwa ukutani na miguuni pa mpishi kwa mnururisho. Majaribio mengi yameonyesha ya kuwa katika moto wa mafiga usiokingwa, kati ya sehemu saba za joto la kuni, moja tu ndiyo iingiayo chunguni, na pengine hata moja ya kumi. Tena kuni zikiwa mbichi, nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Moto hautangulii kumpikia mama, watangulia kuyakausha maji hayo.

KIPIMAJOTO HAKIKUHARIBIKA

Sasa twaweza kumjibu kijana. Hewa ina uzito. Aliye pwani, Mombasa au Zanzibar, amefunikwa na hewa yote tangu baharini hadi juu, nayo huyakandamiza maji yasipate kugeuka mvuke kwa urahisi. Pale maji huchemka kwenye digrii 100, na vitabu vingi viliandikwa kwa kufuata kipimo hicho. Aliye mlimani ameacha sehemu ya hewa chini yake. Mkandamizo ni mdogo, na maji hupata ruhusa ya kuchemka mapema. Kanuni nyepesi ni hii: kwa kila mita 300 hivi za kupanda juu ya bahari, kuchemka hushuka digrii moja. Goma iko karibu mita 1,500, basi maji yake huchemka karibu na digrii 95. Juu ya vilima vya Masisi vinavyofika mita 2,000 ni karibu 93. Naye ashukaye kutoka Masisi kwenda Walikale, chini msituni, ataona kipimajoto kikipanda tena.

Kwa hiyo kipimajoto kilisema kweli, na mwalimu hakusema uongo. Alisema habari za usawa wa bahari. Nayo maharagwe yetu hukawia kwa sababu hupikwa katika maji yasiyo makali kama yale ya pwani. Digrii tano zaonekana ndogo, lakini katika kulainisha punje ngumu zaongeza muda mrefu.

Lakini kwa nini kipimajoto hakikusogea kijana alipochochea moto? Hapa ndipo palipo siri ambayo yala kuni za nyumba nyingi. Maji yakiisha kuchemka, joto lote tunaloliongeza halipandishi ukali wake hata kidogo. Linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Na kazi hiyo ni ghali. Kuipasha lita moja ya maji kutoka digrii 20 hadi 95 kwahitaji kilojuli 314 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo iwe mvuke kwahitaji kilojuli 2,270 hivi, yaani zaidi ya mara saba.

Tupige hesabu ya chungu cha lita tano. Kukifikisha kwenye kuchemka: kilojuli 1,570. Kama kwa siku nzima ya kupika lita mbili zimeruka kwa mvuke na kuongezwa nyingine: kilojuli 4,540 zimekwenda darini, karibu mara tatu ya zile zilizokichemsha chungu chote. Na kwa kuwa katika mafiga yasiyokingwa sehemu moja tu kati ya saba huingia chunguni, kila lita ya maji inayoruka kwa mvuke imemgharimu mama karibu kilo moja ya kuni kavu. Maharagwe yenyewe hayakupata faida yoyote. Maji yanayotokota kwa kishindo na maji yanayochemka taratibu yana ukali mmoja, na yaivisha sawasawa.

Basi, mama alikosea kuongeza kuni, na kijana naye alikosea kuchochea moto. Wote wawili walikuwa wakipika mvuke.

YAFAAYO KUFANYWA

Hatuwezi kulizuia joto lisiondoke. Sheria ya pili yakataa. Twaweza tu kulichelewesha. Haya ndiyo mashauri yetu, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, maharagwe yalowekwe usiku kucha, na maji ya kulowekea yamwagwe. Maji yakiisha kuingia ndani ya punje kwa saa nyingi bila moto, moto hupata kazi nusu.

Pili, chungu kifunikwe. Mvuke ugusao kifuniko hugeuka maji tena, hurudisha joto lake na kudondoka chunguni.

Tatu, maji yakichemka, kuni zitolewe, moto upunguzwe mpaka yawe yanachemka kidogo tu.

Nne, kuni zikaushwe mahali pasipo mvua, zipasuliwe ndogo, na moto uzungushiwe ukuta mfupi wa udongo unaokaribia chungu, ukiacha nafasi ya hewa kuingia chini na moshi kutoka. Ukuta huo hurudisha mnururisho, na huzuia upepo.

Tano, kikapu. Chukueni kikapu kikubwa au sanduku, mkijaze majani makavu ya migomba au nguo kuukuu, upana wa kiganja pande zote na chini. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kweli juu ya moto muda wa nusu saa, na jambo hili lisipunguzwe, kwa sababu maharagwe mengi, hasa mekundu, yana sumu isiyokufa kwa joto dogo. Kisha chungu kifunikwe vizuri, kitiwe kikapuni kikiwa cha moto bado, kifunikwe juu kwa mto au blanketi, na kisifunguliwe kwa saa tatu, nne au zaidi. Majani hayana joto lake yenyewe. Yameshika hewa iliyotulia, na hewa hiyo hufunga njia ya mpitisho na ya msafara pamoja. Maharagwe yaendelea kuiva pasipo kuni hata moja. Kabla ya kula, yachemshwe tena kidogo, na chakula kisiachwe kikapuni mpaka kiwe vuguvugu, maana hapo vijidudu huzaana.

Aliye na sufuria ya presha ana msaada mwingine, wazo lililotokana na kazi ya Mfaransa Denis Papin mwaka 1679. Sufuria hiyo hufungia mvuke, mvuke huyakandamiza maji kama hewa ya pwani na kupita, nayo hufika karibu digrii 120. Kwa sababu hiyohiyo hospitali hazitegemei sufuria ya wazi kusafisha vyombo vya kupasulia watu. Hutumia chombo cha presha kifikacho digrii 121.

Na maji ya kunywa? Msiogope kwa sababu hayafiki 100. Vijidudu vya kipindupindu hufa mapema kuliko hapo. Maji yakichemka kweli kwa dakika moja yatosha. Juu ya mita 2,000 yaachwe dakika tatu. Kuyachemsha nusu saa ni kuchoma kuni bure.

TUZIBE JOTO, TUSIZIBE HEWA

Hapa twapaswa kutoa onyo kubwa. Tulipokuwa wanafunzi wa bweni, usiku mmoja wa baridi wenzetu waliingiza mbabula ya makala chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakaziba nyufa kwa nguo. Waliona wamefanya jambo la akili: joto lisitoroke. Kabla ya alfajiri mmoja aliamka na kichwa kikimwuma sana, akatambaa mpaka mlangoni akaufungua, akaanguka nje akitapika. Kama asingaliamka, pengine tungaliwazika wote wanne. Makala yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia damuni na kushika nafasi ya hewa safi, na mtu aliyelala haamki. Basi, mbabula isiingie kamwe katika chumba cha kulala. Joto la usiku litafutwe katika blanketi na mkeka mnene chini, si katika makala.

Na kuna kimoja ambacho joto lake lahitaji ulinzi kuliko chungu chochote: mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Wakulima wa Masisi waijua sababu yake. Viazi viwili vikitolewa jikoni pamoja, kidogo hupoa kwanza, kwa kuwa kina ngozi nyingi kwa kulinganisha na unene wake. Mtoto ni kiazi kidogo. Mwili wake hupaswa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5, naye hutoka tumboni akiwa na maji mwilini, akaingia katika nyumba ya baridi. Njia zote tatu zafunguliwa kwake pamoja: kitanda cha baridi, upepo wa mlangoni, ukuta wa baridi ulio karibu. Na juu ya hizo kuna mvuke, ule tuliouona chunguni: kila tone linalokauka juu ya ngozi yake lachukua joto lake.

Kwa hiyo akaushwe mara moja, nguo iliyolowa iondolewe, avikwe kofia, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, wala asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwalaza hivyo watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani lashauri desturi hiyo kwa watoto wadogo mno popote, hata penye mashine. Kifua cha mama ni chenye joto lipasalo, hakihitaji umeme, tena chatembea naye hata siku ya kukimbia.

Sasa, kijana wetu wa Mweso, twakupa kazi. Mwombe mama yako vyungu viwili vilivyo sawa na maharagwe ya kipimo kimoja. Kimoja upike kama siku zote; kingine uloweke, ufunike, upunguze moto, kisha utie kikapuni. Pima kwa mizani kuni za kila kimoja, uandike. Pima pia digrii ambazo maji yenu yachemka, uzitoe katika 100, uzidishe kwa 300, nawe utajua kwa makisio nyumba yenu iko mita ngapi juu ya bahari. Kisha mwonyeshe mama yako hesabu ya kuni kwanza, ile ya mita baadaye. Akiona mzigo umepungua, hatakuambia tena ukirudishe kipimajoto shuleni.

Tuandikieni matokeo yenu, nasi tutayapokea kwa furaha. Kwa heri hata juma lijalo.